Jiwe Alilolificha Mwanaheri

Watu wa mjini wanadhani pweza huokotwa. Wanamwona sokoni amelazwa juu ya jamvi, wanasema, ah, mwanamke kashuka pwani, kainama, kaokota, karudi zake. Thubutu! Nenda Mbweni, kule chini ya Bunju, uwaulize habari za Mwanaheri binti Jabiri. Mwanamke huyo alikuwa akishuka mwambani maji yakipwa, na fimbo yake ya ncha ya chuma, na kabla bahari haijarudi ana pweza wanne au watano kwenye kamba. Wenzake walichokoa mashimo matupu asubuhi nzima, wakarudi na kome na manung'uniko.

Hakuwa mchawi, ingawa walisema. Alikuwa na mashimo kumi na moja. Ndiyo, mashimo. Pweza hakai ovyo. Ana nyumba yake kwenye jiwe, na akitolewa mmoja, mwezi haupiti mwingine ameshahamia. Anayejua nyumba hizo ziko wapi hafi njaa. Mwanaheri alitajiwa yake na mama yake, Mwajabu, katika zile siku saba alizowekwa ndani kabla ya kuolewa. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao: binti hupewa mashimo kama wengine wanavyopewa kanga na vyungu. Kila shimo na jina lake, na alama zake za kulipata. Na sharti moja tu, kwamba asiambiwe mtu.

"Hata mumeo," Mwajabu alisema. "Mume leo wako, kesho kaoa mwingine, na yule mwingine naye anakula pweza."

Mashimo saba kati ya hayo kumi na moja yalikuwa kwenye jiwe moja. Jiwe lenyewe lilikaa upande wa kaskazini, kwenye dimbwi refu, kubwa kama jiko la uani, na kilele chake kilitoka majini kwenye bamvua tu, pale mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu na maji kukimbia mbali. Mwajabu aliliita Mzazi. Mwaka wa ile njaa kubwa, watu walipokula mizizi, Mzazi halikukosa pweza hata mara moja. Na siku moja, Mwanaheri alipokuwa msichana mdogo anayefuata tu nyuma bila kujua alama, alimwona mama yake akivunja ncha ya fimbo ndani ya shimo la tatu. Chuma kikabaki humo, urefu wa kidole. Walivuta, walisonya, wakakiacha.

Sasa ilikuwa mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla. Mwanaheri alikuwa na binti mmoja tu, Somoe, ameshachumbiwa, na harusi ingekuwa baada ya miezi miwili. Hakuwa na shamba la kumpa wala dhahabu. Alikuwa na Mzazi. Kila alipomtazama binti yake akisonga ugali alijiambia, huyu sitamwacha mikono mitupu.

Mumewe, Mwinshehe, alikuwa mchoma chokaa. Mtu mpole, mrefu, nyusi zake nyeupe kwa vumbi la kazi yake. Zamani alichimba mawe yake nchi kavu, kwenye shimo la baba yake kule juu, mawe ya kale yaliyokufa tangu enzi. Lakini mji ulikuwa unajengwa kwa fujo miaka ile, na wajenzi wakawa wanataka chokaa nyeupe pepe, na chokaa nyeupe pepe hutoka kwenye matumbawe ya baharini. Tumbawe ni jepesi, linaiva upesi, halili kuni nyingi. Basi matanuri yakashuka pwani. Likawa moja, yakawa matatu, yakawa sita.

Na Mwinshehe alikuwa na ahadi. Tangu anamwoa Mwanaheri alimwambia, "Mke wangu, iko siku utakaa nyumba nyeupe, nje na ndani." Miaka kumi na minane alichomea watu chokaa ya nyumba zao, yake ikabaki udongo. Safari hii aliapa Somoe hataolewa kutoka kwenye udongo. Alimleta na fundi kabisa, Gaspar, mtu wa Mahenge, aweke madirisha.

Lakini kabla hajagusa mwamba alifanya jambo ambalo wachoma chokaa wenzake hawakulifanya. Alimuuliza mkewe.

"Mama Somoe, nataka kuvunja mawe kwa ajili ya nyumba yetu. Nyie wanawake mnafanyia kazi upande gani? Nisije nikawaharibia."

Mwanaheri alikuwa anapeta mchele. Mkono haukusimama. Aliisikia sauti ya mama yake kama vile imo humo humo uani: hata mumeo. Akasema, "Sie tuko kusini. Kule kaskazini hakuna kitu, ni mawe tu."

Jamani! Alisema kaskazini hakuna kitu ili asije akaenda kuchungulia. Hivyo ndivyo alivyozoea kujibu kila aliyeuliza, miaka yote, na miaka yote jibu lile lilimlinda. Mwinshehe akashukuru. Akasema basi kusini hataweka mguu.

Wiki ile ile Mwanaheri akaitwa Tabata, dada yake amejifungua. Alikaa huko siku ishirini na mbili, akipika uji wa mzazi na kubeba kichanga. Aliporudi, jua limesimama utosini, kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa harufu.

Aliijua harufu ile. Mke wa mchoma chokaa ataacha kuijua? Matumbawe yakitoka baharini huanikwa wiki tatu nne yakauke, na siku za mwanzo yananuka vibaya, uvundo wa kitu kilichosahauliwa juani. Wenyewe walisema ni harufu ya jiwe. Alipita kando ya lundo akiziba pua kwa ncha ya kanga, na angepita moja kwa moja, lakini jicho likanasa.

Kwenye pande moja kubwa, pale lilipopasuka, kilitokeza chuma. Kutu nyekundu, unene wa kidole cha mwisho. Mwanaheri akatua mzigo wake. Akapiga magoti. Kile chuma hakikuwa kimekwama shimoni, la. Kilikuwa katikati ya jiwe lenyewe. Jiwe lilikuwa limekizunguka, limekifunika, limeongezeka juu yake upana wa kiganja pande zote. Mama yake alikiacha kimetokeza shimoni. Jiwe likakimeza.

"Limekua," alisema peke yake. "Jiwe limekua!"

Akalitazama lundo zima, na akayaona yote mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba huyu aliyelala hapa vipande vipande ni Mzazi. La pili lilimtisha zaidi. Jiwe halinuki. Jiwe halina nyama ya kuoza. Kinachonuka ni kilichokuwa hai. Tangu matanuri yashuke pwani ameishi ubavuni mwa harufu ya kufa, akaiita harufu ya jiwe.

Somoe alimkuta amekaa chini, mkono juu ya kile chuma.

"Mama, una nini? Mbona hivyo?"

"Baba yako amelivunja lote?"

"Lipi? Lile jiwe la kaskazini? Nusu. Tanuri halijajaa. Kesho bamvua, wanakwenda kumaliza. Baba kafurahi, anasema hajapata kuona tumbawe zuri namna ile."

Mwinshehe aliporudi kutoka kukata kuni akamsalimu mkewe kwa bashasha, akamwonyesha lundo, "Umeona mali hiyo? Nyumba yako hiyo, Mama Somoe," naye akasema, "Nimeona." Akampakulia chakula. Angesema nini? Kwamba alimdanganya? Na akisema jiwe lile ni la pweza, jioni hiyo hiyo kijiji kizima kitajua, na kabla ya wiki kwisha kila mwenye fimbo atakuwa kaskazini. Somoe atapewa nini? Akinyamaza, jiwe linakwenda. Akisema, siri inakwenda. Alivigeuza hivyo viwili mpaka vikamchosha, na wala hakuona cha tatu.

Asubuhi, kabla wanaume hawajajikusanya, akitaka kuona mwenyewe kilichobaki, alimwendea Fundi Gaspar. Huyu fundi alikuwa kichekesho cha pwani nzima. Mtu wa milimani, anaogopa bahari kufa, na kazi zilimlazimu kuvuka na mtumbwi mara kwa mara. Basi alikata tako la debe la mafuta ya taa, akabandika kipande cha kioo kilichobaki kwenye madirisha ya nyumba za Wazungu kule Msasani, akaziba kwa lami. Kila akipanda chombo alilizamisha debe lake ubavuni na kuchungulia, ahakikishe chini hakuna wa kummeza. Watoto walimcheka mpaka wakalala chini.

"Shikamoo mama," alisema Gaspar. "Karibu."

"Marahaba, fundi. Niazime debe lako."

"Unaogopa bahari, mama? Wewe?"

"Naogopa," alisema Mwanaheri, na Gaspar akaacha kucheka.

Walitoka na mtumbwi, Somoe akipiga kafi. Maji yalikuwa bado yanakupwa, shwari, bila upepo. Njiani Mwanaheri alimwonyesha binti yake alama: ule mvinje mrefu ukae juu ya paa la msikiti, na kisiwa hiki kikifunike kile cha nyuma. Siku saba za kuwekwa ndani zilikuwa bado, lakini hakuwa na muda wa desturi. Walipofika juu ya dimbwi akazamisha debe, akaingiza uso.

Uso hakuutoa. Somoe akangoja. Akangoja tena.

"Mama? Kuna nini?"

"Ya Rabi," alisema Mwanaheri ndani ya debe, na sauti ikarudi kama ya mtu aliye kisimani. "Ya Rabi, kumbe!"

Fikiria mtu aliyeijua nyumba maisha yake yote kwa kupapasa ukuta wa nje, usiku wa leo taa ikawashwa ndani. Mwanaheri alimjua Mzazi kwa nyayo na kwa ncha ya fimbo. Alimjua amekauka, kahawia, maji yamemkimbia. Hajapata kumwona amevaa bahari. Matawi ya tumbawe yalisimama msitu kwa msitu, ncha zake za buluu, mengine ya rangi ya bizari, mengine ya zambarau ambayo hakuna kanga imewahi kuipata. Alisogeza debe karibu na tawi moja. Lilikuwa limejaa vidomo. Vidogo, vidogo, maelfu kwa maelfu, kila kimoja na vijidole vyake, vinafunguka na kufumba, vinakula kitu asichokiona. Hao ndio waliokimeza chuma cha mama yake. Hao wasiofika ukubwa wa punje ya ulezi ndio waliojenga jiwe kubwa kuliko jiko, na wanaendelea kujenga, na yeye amekuwa akiwakanyaga.

Somoe alimpokonya debe. "Nami nione!" Akachungulia, akapiga yowe. Vitatange wa manjano, samaki bapa wadogo, walikuwa wanapita wawili wawili mithili ya maharusi. Chewa mnene ametulia, kinywa wazi, na visamaki vyembamba vinaingia na kutoka humo vinamsafisha meno, naye hawafumbii. Pono wa kijani akaja akaliguguna jiwe, na wote wawili wakamsikia, kruu, kruu, hadi juu ya mtumbwi. Kisha pono akasogea kando, na nyuma yake likatoka wingu jeupe likashuka chini.

"Mama! Anakunya mchanga!"

Wakacheka hadi mtumbwi ukayumba. Kisha Mwanaheri akageuka akautazama ufuo wa Mbweni, mweupe, mrefu, walipozaliwa, wanapoanika nyavu, wanapozika kitovu. Kicheko kikamkauka. Mchanga ule wote. Pono wangapi? Miaka mingapi?

Akalirudia debe, akatazama upande wa pili, ule uliovunjwa. Hapo palikuwa kama mdomo uliong'olewa meno. Jiwe tupu, utelezi wa kijani umeanza, madude meusi ya miiba yamejipanga. Samaki wadogo walikuwa bado wanazunguka pale pale hewani, yaani majini, mahali yalipokuwa matawi yao, hawajui pa kwenda. Alilia humo humo kwenye debe. Na akilia hivyo akaona pembeni mwa kidonda, pale uzima unapokutana na uwazi, ukingo mwembamba laini, rangi ya waridi, umeanza kutambaa juu ya jiwe jeupe. Nusu mwezi tu, na wale wadogo walikuwa wameshaanza kuziba.

Katika shimo la tano alikuwemo pweza jike. Mayai yake yamening'inia darini kwa nyuzi, meupe, mengi kuliko mchele wa pishi, naye anayapulizia maji taratibu, mkono huu anapangusa, mkono ule anapangusa. Alimwona Mwanaheri. Akabadilika rangi, akawa jiwe, lakini hakuondoka.

Mtumbwi wa Mwinshehe ulifika maji yakiwa kifuani. Wanaume watano, na mitaimbo. Kando kidogo, mwamba ulipoinuka na maji yameshapwa, walikuwepo wanawake watatu wanatafuta kome. Mwanaheri akashuka majini, akasimama mbele ya jiwe bila kulikanyaga.

"Mama Somoe? Unafanya nini huku?" Mwinshehe alishangaa. "Si mko kusini nyie?"

"Nilikudanganya, Baba Somoe."

"Unasemaje?"

"Nilikudanganya. Jiwe hili ni la mama yangu. Ndilo lililotulisha mwaka wa njaa. Ndilo la Somoe. Uliniuliza, nikakuficha."

Mwinshehe aliushusha mtaimbo pole pole. Uso wake ulivunjika kwa namna ambayo mkewe hakuiona hata siku Mwinshehe alipofiwa na baba yake.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza kwa heshima, Mwanaheri." Hakuwahi kumwita jina mbele za watu.

Mmoja wa wale wanaume akasema, haya, jiwe ni jiwe, pweza atahamia jingine, maji yanarudi jamani tufanye kazi. Hapo ndipo Mwanaheri alipopandisha sauti. Wale wanawake watatu waliacha kome zao. Akayataja mashimo. Shimo la kwanza, Kizingiti. La pili, Mlango wa Uani. La tatu, la chuma. Akayataja yote saba, na alama zake, kisha manne ya kusini, na alama zake, kwa sauti ya mwadhini, kila mtu asikie. Somoe kwenye mtumbwi alijiziba mdomo. Urithi wake ulikuwa unatoka mmoja mmoja unakwenda kwa majirani.

"Nimemaliza," alisema Mwanaheri. "Sina tena cha kuficha. Sasa chukueni debe mtazame, halafu mwenye moyo wa kuvunja avunje."

Walitazama mmoja mmoja. Yule aliyesema jiwe ni jiwe alikaa humo muda mrefu kuliko wote, akatoka anafuta kioo kwa shati asijue anachofuta. Mwinshehe alikuwa wa mwisho. Alipoinua uso maji yalikuwa yanamtiririka ndevuni, na si yote ya baharini.

"Subhanallah," alisema. "Mie nimekuwa nachoma nini?"

Walirudi na mtumbwi mtupu.

Msidhani mambo yakawa asali baada ya hapo. Bamvua lililofuata kila mwanamke wa Mbweni alikuwa kaskazini. Mashimo yalichokolewa mpaka yakakwanguka, na Mwanaheri alirudi na kamba tupu kwa mara ya kwanza maishani, akajifungia ndani siku nzima. Ilichukua ugomvi, matusi, na kikao kirefu uani kwa bibi mmoja, ndipo wakakubaliana kwamba Mzazi ataguswa mara mbili tu kwa mwaka, jike mwenye mayai haguswi kamwe, na mchoma chokaa hapiti. Upande wa pili wa ghuba hawakutaka kusikia. Walivunja mpaka wakamaliza, na miaka michache baadaye mawimbi, bila jiwe la kuyavunja, yakawa yanafika kwenye minazi yao, yanaichimbua mizizi, inaanguka mmoja mmoja.

Lundo lililokwisha kufa halikuwa na kurudi. Mwinshehe alilichoma, akimwomba radhi mkewe kabla ya kuwasha. Chokaa ilitosha ukuta wa mbele peke yake. Pande tatu zikabaki udongo, na watu wakaiita Nyumba ya Uso. Somoe aliolewa kutoka hapo, na shangwe haikupungua. Mwinshehe akarudi kwenye shimo la baba yake nchi kavu, na hakuchoma tena tumbawe la baharini. Kwenye majivu ya tanuri alikikuta kile chuma, kimeachiliwa na jiwe lililogeuka unga. Alikifunga kwenye kitambaa akampa mkewe. Siku ya bamvua Mwanaheri alikwenda akakichomeka kwenye ufa wa ule ukingo wa waridi, nusu ndani, nusu nje.

Miaka kumi ikapita. Miguu ya Mwanaheri ikavimba, hashuki tena pwani. Asubuhi moja ya bamvua Somoe, sasa mama wa watoto watatu, aliingia na kanga imelowa mpaka kiunoni. Mama yake alikuwa kwenye mkeka, mgongo kwenye ule ukuta mweupe, kikombe cha chai mkononi.

"Umekiona?"

"Nimekitafuta sana, mama. Kimebaki kincha kidogo tu nje, kama punje ya mtama."

"Umekivuta?"

"Nimekivuta kwa nguvu zangu zote, mpaka kidole kikatoka damu. Hakitoki. Jiwe limekishika."

Mwanaheri aliweka kikombe chini. Akaugeukia ukuta, akaulaza uso wake juu ya chokaa ile, akalia kwa furaha mpaka chai ikapoa.